Kengele Ililia, Nikaamuru Waya Ukatwe

Mama Dorca mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Manyatta. Naomba unisaidie upesi kwa sababu Jumamosi tarehe kumi na tisa inakuja mbio, na naomba sana jina langu lisitokee gazetini, maana hapa kwetu gazeti moja husomwa na watu ishirini na kati yao kumi na tisa wananijua.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, sijaoa, nina kampuni. Kampuni inaitwa Zadock & Sons International na ilianza mwaka jana, 1995, mimi na rafiki yangu Khaemba, Mbukusu mmoja mpole anayetengeneza redio katika kibanda mlango wa nne kutoka kwangu, na tangu mwanzo tulikubaliana kwamba yeye ana mikono na mimi nina mdomo, na hatujawahi kugombana kuhusu jambo hilo mpaka sasa. Ilianza hivi, dereva anayeitwa Ochieng, ambaye hubeba mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kwa pikapu kutoka Port Victoria, alileta redio yake kwa Khaemba huku machozi yanamtoka, na siyo kwa sababu ya redio, ni kwa sababu barafu ilikuwa imeyeyuka huko nyuma tangu Maseno na yeye yuko mbele anaimba na kaseti, hana habari, akafika Mamboleo kupakua mzigo wanunuzi wakarudi nyuma hatua tatu. Khaemba akamtengenezea redio. Baada ya miezi miwili akaniletea sanduku dogo la bati lenye waya mrefu, ncha ya waya unaichomeka katikati ya samaki, sanduku unaliweka mbele kwa dereva, na samaki wakianza kupata joto linapiga kengele, dereva anasimama kutafuta barafu kabla mambo hayajaharibika. Mama, ni kitu cha ajabu. Ochieng analo, na madereva wengine wawili niliowashawishi mimi mwenyewe wanalo, na wengine wanauliza kila siku.

Sasa mwezi wa nane kulikuwa na semina ya vijana wafanyabiashara kanisani, na mwalimu mmoja akatuambia kwamba huko ng'ambo kuna matajiri wanaotoa pesa zao wenyewe kwa kampuni changa za teknolojia, kabla benki haijakubali hata kukufungulia mlango, halafu wanapewa sehemu ya kampuni, na watu hao huitwa malaika. Nikasema Nyasaye, Mungu wangu, hata Kisumu lazima yuko mmoja. Nikatafuta mpaka nikampata Mama Selpha, mfanyabiashara wa samaki mwenye pikapu tano na chumba cha barafu, mjane aliyeanza kwa karai kichwani, mtu wa maneno machache, nikamweleza kwa kifupi, kama saa moja hivi, akasema atakuja aone. Nilitaka atupe pesa za kutengeneza masanduku arobaini.

Mama Dorca, mgeni kama huyo huwezi kumpokea kwenye kibanda cha mabati Manyatta, hata kikiwa na bango la kampuni, na kuku wanapita. Niliazima chumba ghorofani mjini kwa siku moja. Niliazima suti ya mjomba ambaye mabega yake ni mapana kuliko yangu. Dada yangu Rosa nikamkalisha na taipureta isiyo na utepe akaambiwa apige tu bila kusimama, na katoni tupu za kompyuta nikazipanga mpaka dari ili mtu akiingia ajue kazi ipo. Asubuhi hiyo Ochieng alikuja na gambuti zake, anataka kumweleza mgeni jinsi sanduku lilivyomwokoa mara sita, nikamrudisha ngazini kwa sababu alikuwa ananuka samaki. Na kwa vile mgeni mkubwa hapokelewi kimya, nilimwita Mzee Nicodemus na nyatiti yake, kinubi cha kwetu.

Labda wasomaji wako wa mbali hawajui, kwetu mtu akitaka kujisifu kwenye sherehe humtupia mpiga nyatiti shilingi, nyuzi zinanyamaza, mtu anajisifu mpaka atosheke, halafu muziki unaendelea. Tunaita pakruok. Na mimi, bila kujivuna, katika pakruok sijawahi kushindwa.

Mama Selpha alifika peke yake na kikapu. Juu ya meza kulikuwa na kreti ya mbuta na barafu, sanduku letu liko kando, Khaemba ameketi pembeni na koleo yake. Mama akatazama katoni, akatazama Rosa, akauliza, "Hii sanduku nani alitengeneza?"

Mama Dorca, sijui niliingiwa na nini. Mkono ulienda mfukoni wenyewe. Shilingi ikalia kwenye sahani ya Mzee Nicodemus, nyuzi zikanyamaza, nami nikasimama. "Mimi! Mimi Zadock wuod Awuor, mwana wa Awuor, kifaru aliyekataa zizi! Mvua inayonyesha bila kuuliza wingu!" Rosa akapiga kigelegele. Nyatiti ikaendelea.

Akauliza, "Watu wangapi wanatumia?" Nikatupa shilingi. "Uliza nani hatumii! Kutoka Port Victoria mpaka Tanzania wanamlilia Zadock!" Akangoja nyuzi zitulie, akauliza, "Na ikikosa kulia, samaki ioze, nani atabeba hasara?" Nikatupa nyingine. "Haiwezi kukosa, kwa sababu Zadock wuod Awuor hajawahi kukosa!" Halafu akamwonyesha Khaemba kwa kidevu. "Na huyu kijana?" Nikasema, "Huyo ni wa kunishikia waya."

Niliona Khaemba ananitazama. Niliona, sitakuficha, lakini nilikuwa nimeshapanda mlima na kushuka ilikuwa ngumu, nikaendelea kumsifu mama yangu, na kijiji changu, na shemeji zangu ambao bado sijawapata, jua la saa saba liko dirishani, nikaenda kama dakika arobaini. Na hapo ndipo kengele ikalia.

Ililia kweli kweli. Mzee Nicodemus aliruka. Nilikuwa katikati ya sifa nzuri sana kuhusu simba, nikaona huyu shetani wa bati ananikata maneno mbele ya mgeni, nikasema, "Omera, ndugu yangu, nyamazisha hiyo kitu, inaniaibisha!" Khaemba akasema polepole kama anavyosema siku zote, "Lakini Zadock, inalia kwa sababu barafu imeisha." Nikasema, "Kata waya!" Akanitazama tena. Akachukua koleo, akakata.

Hata Rosa aliacha kupiga taipureta. Mama Selpha aliinuka, akabonyeza samaki kwa kidole gumba, akanusa, akasema, "Hii imeanza kulegea." Akachukua kikapu. Mlangoni akageuka akasema, "Nitarudi Jumamosi, tarehe kumi na tisa. Usilete muziki. Nataka kuona huyu alikata waya." Akashuka ngazi. Khaemba akabeba sanduku lake chini ya kwapa akaondoka pia, na tangu siku hiyo akiniona anainamia redio kama ameangusha sindano ndani.

Sasa naomba ushauri. Naona wazi Mama amekasirika na Khaemba kwa kuharibu kifaa mbele yake na anataka kumkaripia. Nimewaza kumwambia nimeshamfuta kazi, halafu nimweke mtu mwingine kwenye kiti, binamu yangu anaweza kushika koleo vizuri tu. Au nitafute suti inayonitosha? Au chumba kikubwa zaidi? Huyu Mama anatafuta nini kwangu ambacho sikumwonyesha? Nikimkosa yeye sina mwingine, na masanduku yatabaki matatu mpaka mtu mwenye pesa ayaone ayaige. Nisaidie, silali.

Ni mimi asiyetaka kujulikana,
Zadock wuod Awuor, kifaru aliyekataa zizi,
Manyatta.

MAMA DORCA ANAJIBU

Bwana Asiyetaka Kujulikana,

Nilijaribu kuficha jina lako. Nilichukua kalamu nyekundu nikalifuta kwenye kampuni, nikalikuta kwenye sifa, nikalifuta kwenye sifa, nikalikuta kwenye sahihi, tena pamoja na kifaru. Nimechoka. Manyatta wakikucheka, kumbuka kwamba shilingi ya kulitangaza ulitoa wewe.

Pole, mwanangu. Nasema pole ya kweli, kwa sababu kusimama mbele ya mtu mwenye pesa ukiwa huna kitu ila ndoto na suti ya mjomba si kazi rahisi. Mimi mwenyewe nilipokuwa msichana niliomba kazi ya ukarani nikasema napiga taipu kwa lugha tatu. Wakaniletea mashine hapo hapo. Kwa hiyo aibu yako naijua. Nilicheka barua yako mpaka jirani akagonga ukuta, lakini nilipofika kwenye waya sikucheka tena.

Unauliza Mama Selpha anatafuta nini. Alikuambia! Alikuuliza maswali manne, na wewe ukayajibu kwa nyatiti. Mwalimu wa semina aliwaita watu kama yeye malaika, lakini malaika hawaulizi samaki wakioza nani atabeba hasara. Huyu ni mama aliyeanza kwa karai kichwani, na sasa anataka kuweka jasho lake mahali ambapo hata benki inaogopa kukanyaga. Kampuni yenu haina vitabu vya miaka kumi vya kusoma. Haina jengo la kuuza ikianguka. Atasoma nini basi? Atawasoma nyinyi. Bati la sanduku litabadilika, waya utabadilika, bei itabadilika, hata hao wanunuzi watabadilika. Akitoa pesa leo ananunua watu wawili na namna wanavyofanya kazi pamoja, ndiyo maana swali la kwanza lilikuwa nani alitengeneza na la mwisho lilikuwa kijana huyu ni nani. Mara zote mbili ukadanganya. Tena kwa sauti kubwa na kigelegele juu yake.

Swali la pili alitaka kujua kama kuna mtu yeyote nje ya ukoo wako anayekihitaji kitu hiki. Jibu lilikuwa limesimama kwenye ngazi na gambuti! Dereva aliyeokolewa mara sita, amekuja mwenyewe bila kuitwa, bila kulipwa, na ulimfukuza kwa sababu ananuka samaki. Ulimficha harufu ya samaki mwanamke ambaye kila shilingi aliyo nayo inanuka samaki. Hapo niliweka barua chini nikaenda kuchemsha chai. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe una chema, kisha unakitembeza kama kibaya.

Na lile la hasara. Hakuna mfanyabiashara anayeamini kitu kisichokosa. Angekusikia unasema, "Mama, mara moja kililia bure kwa sababu ya mashimo ya barabara, Khaemba akakirekebisha hivi," angekaa vizuri kwenye kiti. Anayejua kitu chake kinaharibikia wapi ndiye anayekijua.

Sasa tuje kwenye kengele. Zadock, sanduku lenu lina kazi moja tu duniani, kuleta habari mbaya kabla haijachelewa. Siku hiyo lilifanya kazi yake sawasawa, mbele ya mtu mwenye pikapu tano, bila kusukumwa na mtu. Ungepanga mwaka mzima usingepata onyesho zuri kuliko hilo. Ungenyamaza tu, ukanyoosha kidole, ukasema, "Mama, gusa samaki," leo tungekuwa tunaongea mambo ya masanduku mia. Badala yake ulimwonyesha unachofanya habari mbaya ikikufikia ukiwa katikati ya sifa: unakata waya. Nawe unataka akupe pesa zake! Siku mambo yakienda vibaya, na yatakwenda, nani atamwambia?

Ndiyo maana anamtaka Khaemba. Si kumkaripia, wewe mtoto. Katika chumba kile chenye taipureta bubu na katoni tupu, mtu mmoja tu alisema neno la kweli: inalia kwa sababu barafu imeisha. Anataka kumwona huyo. Na ukimwambia umemfuta kazi, ukamkalisha binamu na koleo, Mama Selpha atamuuliza binamu swali moja na kila kitu kitaanguka, nami nitafurahi kwamba kimeanguka. Wazo hilo ni baya, ni la woga, na si la mtu niliyemwona kwenye sehemu ya kwanza ya barua yako, yule aliyeandika kwamba ni kitu cha ajabu na nikaamini.

Fanya hivi. Katoni zirudishe zilikotoka. Suti mrudishie mjomba. Mama akija, mpeleke Manyatta kwenye kibanda chenyewe, kuku wapite, hajaja kununua kuku. Ochieng awepo, na asioge sana. Mbele ya Mama Selpha pawe na karatasi moja: masanduku mangapi yako barabarani, yamelia mara ngapi kwa haki na mara ngapi bure, moja linagharimu nini kutengeneza, na wewe na mwenzako mmeweka nini chenu wenyewe hadi leo. Andika pia likikosa kulia mtafanya nini. Akiuliza jambo usilolijua, sema hujui, kisha nyamaza hata kama ulimi unawasha. Na hilo bango, "& Sons", literemshe leo. Huna wana. Una mwenzako, na jina lake halimo.

Sikuambii ukate ulimi wako. Madereva wawili uliwashawishi mwenyewe, umesema, na Khaemba peke yake angekaa na sanduku lake mvunguni mpaka uzeeni. Mdomo wako ni nusu ya kampuni. Lakini pakruok si kujisifu peke yake, wewe unayeijua unajua hivyo, mtu anaruhusiwa kumsifu rafiki. Miaka yote hiyo ya kutupa shilingi, umewahi kumtupia Khaemba moja?

Nina neno moja la mwisho, na nimelifikiria siku tatu kama niliseme. Barua yako ilinifikia Jumatano. Siku moja kabla yake nilipata nyingine kutoka Manyatta, mistari minne, mwandiko mdogo. Fundi wa redio ameitwa kazi Eldoret, mshahara mzuri, na anauliza kama aende au amngojee rafiki yake amwambie pole. Sikutaka kuileta hapa, lakini tofauti na wewe, yeye hakuomba nifiche jina lake. Aliandika kwamba haina haja, halijulikani.

Nimemjibu kwa posta kwamba angoje mpaka Ijumaa jioni, na baada ya hapo asingoje tena. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Kibanda chake ni mlango wa nne. Enda bila shilingi na bila kifaru, useme, "Nilikosea, sanduku ni lako," kisha ufunge mdomo mpaka yeye aseme.

Bado umekaa unasoma? Ondoka.